Stempu za Fundi Saa

Bata mzinga ni ndege mwenye kinyongo. Nasema hivyo kwa sababu nilimbeba mmoja kwa baiskeli kutoka geti la Kenya kwenda geti la Uganda, pale Busia, wakati bodaboda ilikuwa bado ni baiskeli, si hizi pikipiki za leo zinazopita kama zimetumwa na shetani. Kiti changu cha nyuma kilikuwa na sponji niliyoishonea kitambaa chekundu, na pembeni nyuzi zinaning'inia kama za kitambaa cha meza. Abiria alikuwa msichana mmoja mwenye mwili wake, gauni la kijani, na huyo bata mzinga amempakata kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Alikuwa anampeleka kwa shangazi yake upande wa pili, kulikuwa na harusi. Tulipatana nauli ya mtu mmoja. Habari ya bata hatukuigusa.

Kufika katikati, pale ambapo umeshatoka Kenya na Uganda bado hujaingia, ndege akachomoa shingo chini ya kwapa la msichana akanidonoa mgongoni. Nilidhani nimepigwa msumari. Baiskeli ikaenda kushoto, ikaenda kulia.

"We kijana, unaendesha ama unacheza densi?"

"Dada, ndege wako ananila!"

"Huyu hali vitu vichafu. Endesha."

Akanidonoa tena, na hapo nikaachia usukani. Tulianguka kwenye tope kando ya lori la simiti, mimi chini, baiskeli katikati, msichana juu. Bata akakimbia. Ukitaka kuona umoja wa nchi mbili, achilia bata mzinga mpakani. Madereva walishuka, wapagazi wakatua mizigo, askari wa huku na askari wa kule wakawa wanamfukuza chini ya malori, mmoja akipiga kelele kwamba ndege ameshavuka na sasa ni wa Uganda, mwingine akisema hajagongewa muhuri, bado ni wetu. Alikamatwa kwa gunia. Mimi nauli sikupata. Msichana alikung'uta tope akaniambia, "Wewe ndiye utanilipa, hili gauni ni la kuazima."

Wiki iliyofuata nikaenda kulipa gauni. Wiki iliyofuata nikaenda kuuliza kama gauni limetosha. Nikaendelea kwenda hivyo hivyo mpaka baba yake akaniuliza kama nina ng'ombe. Huyo ndiye mama watoto wangu. Yuko hapo jikoni sasa hivi anageuza samaki, na nimemsomea nilichoandika, anasema gauni lilikuwa la bluu. Mimi nimeandika kijani na litabaki kijani.

Unajiuliza kwa nini nimeanza na bata wakati nataka kusema habari za stempu. Ni kwamba bila bata hakuna mke, na bila mke hakuna simu. Mimi simu yangu ni ile ndogo yenye tochi. Simu kubwa ya kusukuma kwa kidole ni yake, alinunuliwa na binti yetu, na tangu aipate ameingia kwenye makundi ya watu wanaouza vitu vilivyotumika. Ananunua mapazia. Ananunua makarai. Siku moja alinunua kochi, likaja halina miguu, akaniambia nichonge miguu, nikachonga, na mpaka leo ukikalia upande wa dirisha unaegemea ukutani bila kupenda.

Tulihamia Malaba zamani, baada ya baiskeli yangu kushindwa na pikipiki. Tuna kiploti nyuma ya nyumba za wageni, karibu na ile foleni ya malori isiyoisha. Mama watoto anauza samaki, ngege na omena kutoka Port Victoria, na madereva wanakula kwake kwa sababu hana maneno mengi kwa wateja, maneno yote ananiwekea mimi. Mimi naziba pancha. Shule niliacha darasa la tatu. Kusoma najua, lakini polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Sasa stempu. Wakati ule wa baiskeli, sikubeba watu peke yao. Nilibeba barua. Dereva amekwama kwenye foleni siku nne, tano, simu hakuna, anaandika barua kwa mke wake Kigali au Mombasa, ananiita, "Kijana, nipelekee posta." Nyingine zilitoka upande wa pili, mtu ameona posta ya Kenya ndiyo inafika haraka, mwingine ameona ya Uganda ndiyo inafika haraka, kila mmoja alikuwa na imani na posta ya jirani. Naziweka kifuani ndani ya karatasi ya nailoni zisilowe jasho. Na nikisimama kungoja abiria nazitoa naziangalia. Si kusoma, kuangalia zile picha za pembeni. Kulikuwa na ndege, na vipepeo, na mfalme asiyecheka, na mama amebeba kapu la pamba. Nimebeba barua za watu mpaka nikajua posta nani anakohoa na nani analala kazini. Lakini mimi mwenyewe, tangu nizaliwe, sijawahi kuandikiwa barua hata moja. Nani angeniandikia? Watu wangu wote walikuwa umbali wa kuitwa kwa sauti.

Basi mwaka juzi, alasiri moja, mama amekaa kwenye kile kochi upande usioanguka, ananiita.

"Baba, njoo uone upuuzi ambao watu wanauza."

Nikafuta mikono, nikaja. Kwenye simu kulikuwa na picha ya kitabu kikubwa chenye jalada la rangi ya damu ya mzee, kimefunguliwa, na ndani stempu zimepangwa mistari kama wanafunzi gwarideni. Nikachukua ile simu mkononi, jambo ambalo huwa sifanyi. Nikamwona mama wa kapu la pamba. Alikuwa mle, mstari wa pili.

"Nunua," nikasema.

"Ninunue nini?"

"Hiyo."

Alinitazama vile alivyonitazama siku niliyosema nataka kujifunza gitaa.

"Utaipika?"

"Nitaiangalia."

"Una miaka sabini na kitu, pancha moja unaziba kutwa nzima, na unataka kununua takataka za bahasha za watu."

Lakini nilikuwa sijamwomba kitu tangu gitaa, na gitaa alininyima, kwa hivyo nadhani alikuwa na deni moyoni. Akabonyeza. Muuzaji alikuwa msichana wa Tororo, upande wa Uganda, sauti nyembamba, akajibu kwa kuongea, si kuandika. Alisema kitabu ni cha babu yake. Bei wakaipigania, mama akiongea kwa ukali na mimi nikimshika bega asije akaiharibu biashara, wakapatana. Mama akasema tutamtuma mmoja wa wale watu wa baiskeli za miguu mitatu, walemavu wanaovusha mizigo mpakani, waaminifu kuliko benki. Msichana akaenda kuuliza, halafu akasema, "Babu anakataa. Anasema atakileta mwenyewe. Anataka kuona uso wa mtu anayenunua."

"Kwani anaoza binti?" mama akauliza.

"Sijui, nyabo. Ndivyo anasema." Kwao nyabo ni mama, ssebo ni bwana.

"Basi mwambie uso wenyewe umechakaa, asije akashtuka."

Alikuja Alhamisi. Mzee mdogo wa mwili, koti la kijivu, kofia ya sufu juani, na kitabu amekifunga kwa taulo kisha akakifunga tena kwa kamba ya katani, amekikumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa amevuka geti kwa miguu. Mama akamwonyesha kochi, upande mzuri. Mimi nilikuwa nanyoosha mkono tayari kupokea changu, yeye hata hakufungua kamba. Akaanza kuniuliza maswali.

"Ssebo, nyumba yako ina mchwa?"

"Haina."

"Panya?"

"Tuna paka."

"Paka anakojoa ndani?"

"Hapana!"

"Sigara unavuta?"

"Niliacha."

"Mikono unanawa kwa sabuni ama kwa maji tu?"

Mama alikuwa mlangoni na mwiko. "Mzee," akasema, "mimi nimeolewa na huyu na sikumuuliza hata swali moja kati ya hayo."

Yule mzee akacheka. Hana meno mawili ya mbele, na akicheka anaziba mdomo kwa mkono kama msichana. Hapo akafungua kamba.

Alikuwa fundi wa saa. Alikaa miaka mingi kwenye veranda ya duka huko Tororo, meza ndogo, kioo kwenye jicho, mpaka watu wakaacha kuvaa saa wakawa wanaangalia saa kwenye simu. Stempu alianza kuokota kwa wateja. Mtu akileta saa ndani ya bahasha, anaomba bahasha. Alikuwa na albamu mbili. Ya kwanza iliisha hivi: mchwa walipanda kupitia mguu wa kabati, wakatoboa chini, wakala kutoka ndani. Siku aliyoifungua alikuta jalada zima, safi, na katikati udongo. Aliniambia hayo bila kujionea huruma, lakini mikono yake ilikuwa juu ya ile ya pili kama mtu anayezuia kitu kisiruke.

"Watoto wangu wanasema ni karatasi. Nyumba yangu ni ya mchwa. Siuzi kwa sababu ya pesa, ssebo, ningetaka pesa ningeuza kiwanja. Natafuta mahali itakaa. Nataka unipe ahadi mbili. Itunze isiharibike. Halafu uniruhusu niwe nakuja kuisalimia."

Nilimpa ahadi zote mbili pale pale. Mama alimpa samaki.

Akawa anakuja. Si kila Alhamisi, lakini nyingi. Anafika saa nne hivi, anavua kofia, ananawa mikono kwa sabuni na kunitazama mpaka nami ninawe, halafu anatoa kwenye mfuko wa shati kibano chake cha ufundi saa, kile kidogo chenye ncha kama mdomo wa ndege chozi, anaanza. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilichonunua nilikuwa sijakiona.

Kwa sababu zile stempu hazikuwa zimegandishwa. Kila moja ilikuwa imeshikwa juu tu, kwa kikaratasi kidogo mfano wa bawaba ya mlango, ukiichukua kwa kibano inanyanyuka. Na chini yake, kwenye ukurasa, fundi alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo kama mayai ya chawa, ni nani alimpa na alikuja na saa gani. Chini ya kila moja. Mtu akifungua kitabu anaona ndege na wafalme. Yeye akifungua anaona wateja wake.

"Ngoja tuone huyu ni nani," ndivyo alivyokuwa anasema, kila mara, kama mtu anayebisha hodi. Ananyanyua. Anasogeza jicho. "Aaa. Huyu ni nesi wa hospitali ya Nangina. Alileta saa ya marehemu mumewe. Hakutaka nitengeneze. Alitaka niiache isimame pale pale iliposimama, lakini nisafishe kioo."

"Ukachukua pesa?"

"Ya kioo."

Kuna stempu ya samaki, chini yake alikuwa mwalimu ambaye saa yake ilikuwa inakwenda mbele dakika kumi, na alipotengenezewa akaja kulalamika kwamba sasa anachelewa. Kuna ya pundamilia, chini yake ni dereva Msomali aliyeweka rehani saa ya dhahabu na akarudi kuichukua baada ya miaka tisa, na fundi alikuwa anaitia ufunguo kila asubuhi muda wote huo isisahau kazi. Yule mama wangu wa kapu la pamba, nilimngoja kwa hamu, nikamwambia fundi anyanyue pole pole. Chini palikuwa pameandikwa: mtu wa kanisa, saa ya ukutani, mjusi ndani. Nilicheka mpaka pancha ya mtu ikaningoja.

Mama alijifanya hana habari. Lakini niliona siku za Alhamisi anakaanga ngege wakubwa, na akija fundi anasogeza jiko karibu na mlango asikie.

"Mzee wa stempu," anasema kutoka huko, "leo hakuna mwanamke aliyekuletea saa?"

"Yuko mmoja, nyabo, lakini yuko ukurasa wa mwisho. Hatujafika."

"Unaniwekea?"

"Nakuwekea."

Nilimuuliza siku moja kama bila kunyanyua anakumbuka. Akafunga macho, akaweka kidole juu ya stempu moja ya korongo, akangoja. Akafumbua. "Hapana," akasema. "Zamani nilikuwa nakumbuka. Sasa wako humu, mimi sina." Alisema hivyo kwa wepesi tu, akanyanyua korongo, akafurahi, kumbe alikuwa rafiki yake wa utotoni.

Nataka nieleweke hapa. Mimi katika maisha yangu nimekuwa na watu wengi wa kusalimiana nao. Mpakani kila mtu ni bosi, ni mzee, ni rafiki yangu, mpaka lori lake lisonge. Mtu wa kuja kwangu kwa miguu kutoka nchi nyingine, akakaa, tukainamia kitu kimoja vichwa vikigusana, sikuwahi kuwa naye. Nilikuwa nikisikia geti la ploti likilia siku ya Alhamisi naacha tairi la mtu majini.

Sasa kuna jambo la hapa kwetu lazima nilieleze, maana ndilo lililonifikisha nilipofika. Kwetu karatasi ya maana inatiwa laminesheni. Hujui uchungu wa karatasi mpaka uishi penye mvua hii, na mende hawa, na paa za mabati ya mitumba. Ukipata cheti, siku hiyo hiyo unakipeleka kwa mashine kikavalishwe plastiki. Nyumbani kwangu ukivuta lile sanduku chini ya kitanda utakuta kila kitu kinang'aa: cheti cha ndoa ya kanisani, kadi za ubatizo za watoto wote, barua ya ploti, picha ya mazishi ya mama yangu, na hata risiti ya kochi, sijui kwa nini. Cheti cha ndoa kilianguka kwenye ndoo ya maji tukakipangusa kwa kanga kikarudi sandukuni. Ukiona mtu ana karatasi ya uchi ujue haitaki.

Mvua za mwaka jana zilikuwa mbaya. Alfajiri moja, siku ya Jumatatu, niliamka nikasikia tone ndani ya chumba, mahali ambapo hapajawahi kuvuja. Nikawasha tochi ya simu. Lilikuwa linadondokea kwenye meza, shubiri moja kutoka kwenye albamu. Shubiri moja! Na pembe ya jalada ilikuwa imeanza kulowa. Nilifungua, hata kunawa sikunawa. Ndani palikuwa pakavu. Ukurasa wa kwanza tu, kwenye kona, palikuwa na doa ukubwa wa ukucha.

Nilikaa nikiwa nimeikumbatia mpaka kukapambazuka. Nilikuwa nawaza ile albamu ya kwanza, ile yenye udongo katikati. Mtu amenikabidhi kitu chake cha mwisho, akaniuliza habari za mchwa na panya na mkojo wa paka, na sisi wote wawili tukasahau kuuliza habari za paa.

"Tutaziba paa," mama akasema.

"Paa litavuja tena. Dawa yake ni laminesheni."

"Si umngoje mwenyewe aje Alhamisi?"

"Nimngoje na mvua hii?"

Akaweka sufuria chini ya tone. Nasema ukweli wangu, yeye alisema tungoje, na mimi nilitaka Alhamisi akifika akute kazi imekwisha, aone nilivyotimiza ahadi. Nilikuwa nimeshaona uso wake atakavyofurahi. Nilikuwa nimeshamsikia akicheka amejiziba mdomo.

Mashine ya Malaba ni ya vitambulisho na vyeti vidogo. Kurasa zile zilikuwa kubwa. Kwa hivyo nikapanda gari hadi Busia, albamu ndani ya nailoni mbili, juu ya magoti yangu, sikuiweka chini hata mara moja. Pale Busia kuna mama mmoja mwenye mashine kubwa, anawafanyia watu wa ardhi ramani zao. Alifungua albamu, akageuza kurasa mbili tatu.

"Mzee, hizi kurasa lazima nizikate kutoka kwenye uti wake ndiyo zipite."

"Kata vizuri tu."

"Na hizi picha zimenyanyuka. Zitajikunja ndani ya mashine. Nizilaze kwa gundi kidogo?"

Nikafikiri. Nilifikiri kweli, usione kama sikufikiri. Niliona stempu ikijikunja, ndege akivunjika shingo. "Zilaze," nikasema. "Zilaze zote."

Alikuwa fundi mzuri, siwezi kumlaumu. Alifanya kutwa nzima, ukurasa unaingia huku mkavu mnyonge, unatoka kule umenyooka, una joto, unang'aa kama samaki ametolewa majini. Akazitoboa pembeni akazifunga kwa ule waya wa kujizungusha. Nilimlipa, nikamwongeza ya soda.

Alhamisi mvua ilikatika. Fundi saa alifika saa nne, akavua kofia, akanawa mikono, akanitazama, nami nikanawa. Mama alileta chai na njugu. Mimi nilikuwa nimeificha albamu chini ya taulo lile lile aliloifungia siku ya kwanza, nikalivuta kama wanavyovuta kitambaa wakubwa wakifungua jengo.

"Haya sasa," nikasema, "hata ukiitupa ziwani itaelea!"

Alikaa. Akaiweka magotini, akafungua ukurasa wa kwanza. Akatoa kibano. Akashusha ncha yake kwenye ile stempu ya ndege, pale juu kwenye bawaba, taratibu kama siku zote, akakaza. Kibano kikateleza. Kikatoa mlio mdogo kwenye plastiki. Akajaribu pembe ya pili. Kikateleza.

Ndipo nilipoona. Kabla ya hapo, naapa, sikuwa nimeona.

"Mzee..." nikaanza.

Aligeuza ukurasa. Akajaribu samaki. Akageuza. Akajaribu pundamilia, mara mbili. Halafu akaacha kujaribu, akawa anaweka tu kidole juu ya moja moja.

"Huyu alikuwa nani?" akaniuliza. Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Huyo ni... si ni yule nesi? Wa saa ya marehemu."

"Nesi tulimkuta kwenye twiga."

"Basi ni dereva."

"Dereva ni pundamilia. Huyu?"

"Huyo sijui, mzee."

"Na huyu?"

Mama alikuwa ameshaingia, mikono ina unga. Yeye alielewa haraka kuliko mimi. "Leta wembe," akaniambia. "Leta wembe tukate plastiki pole pole, ukurasa mmoja kwanza, tuone."

Nikasimama kutafuta wembe. Fundi akainua mkono. "Acha, nyabo. Imeshikana na karatasi. Wembe utakata ndege, na chini kuna gundi." Akageuza albamu ikaangalia juani, akachungulia kwa pembeni kama wanavyochungulia yai, akitafuta kama maandishi yanaonekana kupitia nyuma ya ukurasa. Hayakuonekana. Penseli yake ilikuwa nyepesi, hakuwahi kukandamiza.

Alifika hadi ukurasa wa mwisho. Hapo alikaa muda mrefu. Stempu zilikuwa sita tu. Mama alijua ni ukurasa gani, nikamwona amejifunga mikono kwenye aproni.

"Yule mwanamke yuko humu, nyabo," akamwambia, "lakini sijui ni stempu ipi."

Mimi nilisema maneno mengi. Nilisema paa lilivuja. Nilimwonyesha pale lilipovuja. Nilisema aichukue, aende nayo, ni yake, pesa asirudishe. Nilisema nitatafuta nyingine kwenye simu, mama atatafuta, watu wanauza kila kitu. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaisha.

"Nilikuuzia, ssebo," akasema. "Na umeitunza. Haitaharibika tena."

Akarudisha kibano mfukoni. Chai yake alikuwa hajaigusa, akainywa yote, kikombe kizima, wima, kama mtu anayekunywa dawa aliyopewa na mwenyeji. Akaweka kikombe mezani, kando ya albamu. Akachukua njugu kiasi, akazitia mfuko wa koti. Akamshika mama mkono kwa mikono miwili. "Webale, nyabo, asante. Samaki wako ni wazuri." Mimi akanigusa begani, pale palipopinda kwa kuinama kuziba pancha.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kwenda naye hadi getini, akasema anajua njia. Malori yalikuwa yamesimama, injini zimezimwa, madereva wanaosha miguu kwa chupa za maji. Akavaa kofia yake ya sufu. Akapita kati ya lori la chumvi na lori la mabomba, koti linagusa magurudumu, akaenda, na hakurudi tena.